Kanuni ya Niemela Kuhusu Theluji

Jumatatu, 3 Februari

"Tatizo si theluji. Tatizo ni barafu iliyo chini yake, na mtu wa Kaskazini hatalielewa hilo mpaka gari lake liwe mtaroni." Hayo ameyaandika gazetini, mbele ya watu wote, Odell Crutchfield, mkurugenzi wa elimu wa wilaya yetu. Mtu mwenye digrii tatu!

Upuuzi. Namjibu hapa kwanza, gazetini baadaye. Mimi nimezaliwa Michigan, juu kabisa, kwenye ncha inayoingia ziwani, ambako theluji hufika madirishani na watu wakaendelea na kifungua kinywa chao. Miaka kumi na miwili ya shule, tulifungiwa siku moja tu, na siku hiyo ni kwa sababu tanuri la kupasha madarasa joto lilipasuka. Tulirudi nyumbani tumenuna. Huku Georgia, mtangazaji wa hali ya hewa akilitamka tu neno "theluji", wilaya nzima inajifungia ndani kama imetangaziwa vita.

Alhamisi jioni bodi ya elimu inapiga kura. Wajumbe watano. Hoja ni yangu: shule zisifungwe mpaka theluji ifike katikati ya muundi wa mtu mzima. Nimeipa jina. Kanuni ya Niemela. Miaka kumi na tisa nimeishi mji huu, nimeoa hapa, nimeandika gazetini barua mia mbili na sita, na mpaka leo naitwa "yule Myanki", yaani mtu wa kuja kutoka Kaskazini. Kanuni hii ikipita, jina la Arvid Niemela litakuwa ndani ya kitabu cha taratibu zao. Wapende wasipende.

Earlene, mke wangu, mzaliwa wa hapa, aliisoma hoja yangu amesimama jikoni. Akauliza kama nimeongea na dereva yeyote wa basi la shule. Nikamwambia hoja ya msingi haiombi ushauri. Akasema, "Haya, baba Aili," akarudi kwenye maharage yake. Hiyo "haya" nimeihesabu kuwa kura.

Jumanne, 4 Februari

Crutchfield amenishambulia redioni. Saa moja asubuhi, watu wakiwa mezani! Amechimbua habari kwamba Septemba iliyopita shule za mji wangu wa kuzaliwa zilirudisha watoto nyumbani adhuhuri kwa sababu ya joto. Nyuzi thelathini na mbili. Akasema joto hilo huku tunaliita asubuhi. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa.

Nilipiga simu hapohapo. Niliwaambia wasikilizaji kwamba joto la kule si kama joto la huku. Majengo ya kule hayana viyoyozi, watu hawajalizoea, na mtu asiyezaliwa kule hawezi kuelewa, kwa hiyo anyamaze. Mtangazaji akaniuliza kama nimejisikia nilichosema. Nikamwambia nimejisikia vizuri sana. Hoja imefungwa. Ushindi wa kwanza wa wiki.

Mchana utabiri ukatoka: theluji kesho, nusu inchi. Nusu! Duka kubwa likajaa kama siku ya mazishi ya tajiri. Wote wanataka mkate na maziwa. Nilipanda juu ya kreti karibu na majokofu nikawahutubia. Niliwaambia nimesoma vitabu sitini kuhusu majeshi yaliyoangamia kwenye theluji, na hakuna hata jeshi moja lililoangamia kwa kukosa maziwa. Je, ninyi ni ndama? Walinisikiliza kwa makini mno. Baadaye niligundua kreti niliyokuwa nimesimama juu yake ndiyo ya maziwa ya mwisho. Bibi mmoja aliniomba kwa upole nishushe miguu, akaibeba, akaniambia, "Maskini wee." Mwanamke wa hapa akikwambia hivyo, ameshakutukana na ameondoka.

Earlene alikuwa amenituma maziwa. Nimerudi na chupa ya siki.

Jioni nikamkuta binti yangu Aili, ana miaka kumi, amevaa pajama aliyoigeuza, ndani imekuwa nje. Chini ya mto wake kijiko. Chooni amemwaga vipande vya barafu vyote vya friji. Watoto wote wa hapa hufanya hivyo ili theluji ije na shule ifungwe. Aliniuliza kama kule kwetu nasi tulifanya. Nikamwambia sisi theluji tuliiomba iondoke. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesema alikuwa akiomba Krismasi iahirishwe. Yeye theluji hajaiona hata siku moja. Kwa shangazi yake Michigan tumempeleka mara mbili, zote mwezi wa saba.

Jumatano, 5 Februari

Saa kumi na moja alfajiri simu ya kurekodiwa ya Crutchfield imeingia kila nyumba: shule zote zimefungwa. Nikatoka nje na tochi. Nyasi kavu! Hakuna chembe! Nilipiga kelele ya furaha, mbwa wa jirani akaitikia.

Nimepiga picha ya nyasi saa moja, saa mbili, saa tatu na saa nne. Ushahidi. Katika picha ya saa tatu Aili anaonekana pembeni, amekaa ngazini na glavu za kuokea za mama yake mikononi, anatazama mawingu. Nimemkata pichani. Anaharibu hoja.

Saa sita mvua ikaanza. Mvua tu! Nikatembea nayo kichwa wazi mpaka kwa jirani yetu Vonda Tuttle, dereva wa basi namba tisa, kumwonyesha namna wanaume wa Kaskazini wanavyopokea mvua. Alikuwa dirishani. Hakufungua mlango, alifungua kioo kidogo tu. Akasema, "Kaka Arvid, hiyo mvua inaganda. Rudi kwa mkeo, na ukanyage majani, usikanyage lami." Nikacheka. Nilikanyaga lami. Nilirudi nyumbani haraka kuliko nilivyokwenda, sehemu kubwa nikiwa nimekaa.

Uamuzi: kesho, siku ya kura, nitaendesha gari njia yote ya basi namba tisa, maili ishirini na moja, bila kusimama. Nina tairi nne za theluji alizoniletea dada yangu Helmi. Nitafika mbele ya bodi na matope ya safari bado kwenye milango ya gari. Nani atabisha?

Alhamisi, 6 Februari

Inchi moja nyeupe juu ya kila kitu. Earlene amesema niende tu kama nataka, ila nimwachie nambari ya bima. Aili alikwishatoka tangu alfajiri.

Maili tisa za kwanza: bora kabisa! Barabara tambarare, jua, mimi peke yangu. Niliimba. Sikukutana na mtu hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi woga ulivyoenea.

Kisha Kilima cha Tolliver, ambacho njia ya basi hukifikia kwa kuzunguka, ingawa kwa kukata malishoni si mbali na kwetu. Upande mmoja misonobari, jua haliingii. Nilipanda theluthi mbili. Gari likasimama. Likatafakari. Likaanza kushuka kinyumenyume. Nilikanyaga breki. Breki hazikuwa na maoni. Tairi za Helmi zilitengenezwa kung'ata theluji, na pale chini ya theluji palikuwa na kioo. Nilishuka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeondoka mbele ya mfalme. Nikapita nyumba ya Crutchfield. Alikuwa kibarazani, kikombe mkononi. Nikampungia. Hata barafuni adabu ni adabu.

Sanduku lake la barua nililichukua pamoja nami mpaka mtaroni.

Sasa, kando ya mtaro kuna malisho yenye mteremko, na malishoni walikuwa watoto wa nusu ya wilaya na wazazi wao, wanateleza kwa masinia ya kuokea, makaratasi ya masanduku, na mmoja ndani ya beseni la nguo. Wote walisimama. Kisha makofi! Sijawahi kupigiwa makofi kama yale katika mji huu.

Crutchfield alishuka akifuata majani. Nilitegemea anikumbushe aliyoyaandika gazetini. Aliuliza kama nimeumia. Mbinu ya hila. Nikamwambia njia nimeimaliza karibu nusu, na sehemu yake nimeipita mara mbili. Akasema, "Sawa, Bwana Niemela. Njoo ule."

Hapo nikaona maziwa yanakokwenda. Kila mwanamke ana bakuli. Theluji mpya, maziwa, sukari, vanila, unakoroga unakula hapohapo kabla haijayeyuka. Hufanya hivyo tangu enzi za bibi zao, kila theluji inaposhuka, yaani mara moja katika miaka mingi. Nilikula mabakuli manne kwa ajili ya utafiti.

Vonda alikuja na trekta kunivuta. Alipokuwa akifunga mnyororo alinisimulia kwamba mwaka mmoja hawakufunga shule. Basi lake lilikwama kwenye kilima hichohicho, watoto ishirini na wawili ndani, kwa muda wa saa sita. Aliwaimbia mpaka sauti ikakauka, mguu wake uko kwenye breki muda wote, anaogopa kuunyanyua. Aliniambia, "Mguu ule mpaka leo unatetemeka nikiona misonobari, kaka. Wewe ulikuwa peke yako." Nikainama kumshikia mnyororo. Jibu lake nitalitoa kikaoni.

Aili alikuja amelowa mpaka kiunoni, mashavu mekundu. Nilidhani ataona haya kwa ajili yangu. Akasema, "Baba, hukuwahi kuniambia kwamba theluji inanyamazisha kila kitu." Nikasimama nikasikiliza. Kweli. Miaka hamsini na mitatu, na sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kusimuliwa.

Naliandika bila maelezo. Halina uhusiano na hoja.

Kikao cha bodi kimeahirishwa hadi Jumamosi. Sababu: barafu. Waoga!

Ijumaa, 7 Februari

Inayeyuka. Udongo mwekundu unatokeza. Shule bado zimefungwa. Kiuno kinauma. Nimeandika hotuba ya dakika arobaini. Earlene ameomba niipunguze. Nimeongeza utangulizi.

Jumamosi, 8 Februari

USHINDI!

Maktaba ya shule, watu wamesimama mpaka mlangoni. Nilihutubia dakika hamsini na mbili. Nilitaja majeshi. Nilitaja tanuri. Nilionyesha nyasi kavu, picha nne. Mjumbe mmoja alilia, au alipiga miayo, kwa mbali huwezi kutofautisha.

Crutchfield akasimama. Akasema haipingi Kanuni ya Niemela. Haipingi! Anaomba tu kiongezwe kifungu kimoja: barabarani kukiwa na barafu, kiasi chochote, au dalili yake, shule zifungwe, na mwamuzi awe mkurugenzi. Ukumbi ukanigeukia. Nilikubali kabla hajakaa. Mshindi huwa mkarimu. Kura tano kwa sifuri! Mtu akapaza sauti nyuma, "Hongera, Myanki wetu!" Wetu! Nilitafuta leso nikakuta nimeshika picha ya nyasi.

Mlangoni Vonda alinishika bega. Akasema ameendesha basi hapa miaka thelathini na mmoja, na theluji isiyo na barafu chini yake hajaiona hata moja, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika. Nikamwambia hayo ni mambo madogo ya utekelezaji. Akacheka, akanikumbatia. Hawawezi kukubali kushindwa bila kukumbatia.

Jumapili, 9 Februari

Saa kumi alasiri simu ya kurekodiwa. Sauti ya Crutchfield: "Kwa mujibu wa Kanuni ya Niemela, kwa sababu ya dalili za barafu, shule zote zitafungwa kesho Jumatatu." Nimeisikiliza mara kumi na moja. Jina langu, nyumba elfu nne, kwa dakika moja! Aili alizunguka nyumba akirukaruka, akanibusu, akasema mimi ndiye baba bora kuliko wote wa darasa la tano. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake anajivunia jina lake shuleni.

Kisha nikatoka nje. Nyasi kavu!

Basi. Nimeyapitia matukio ya Alhamisi kwa utulivu na kosa nimeliona. Nilikwenda polepole mno. Earlene ameficha funguo za gari. Nina za akiba. Tangazo hili litakuwa mlangoni mwa kila nyumba kabla ya jua kuchwa:

Wazazi wa njia ya basi namba tisa! Mmedanganywa kuhusu barafu. Kesho saa mbili kamili asubuhi nitapanda Kilima cha Tolliver kwa kasi inayostahili. Njooni wote, leteni watoto wenu, wawe na mabegi ya shule mgongoni, mjionee wenyewe. Na tafadhalini, kwa ajili ya usalama wenu, msisimame upande wa mtaro.