Mtalii wa Mukuyuni

Leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, tena sokoni kwetu Mukuyuni, tena nikiwa nimevaa kaptula.

Nawaandikia nyote wa pale hotelini Mombasa, wa jikoni na wa baa. Lakini barua hii aisome Kazungu kwa sauti, kwa sababu yeye ndiye mwenye kamera na yeye ndiye mwenye makosa. Nitaeleza. Msianze kucheka.

Mnajua jambo hili lilianzia wapi. Yule mama mtalii wa meza ya dirishani aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Mukuyuni. Akauliza kuna nini kizuri cha kutazama huko. Nikasema kuna jua. (Siku hiyo pia mlicheka. Sijasahau.) Mtu mzima, nimezaliwa pale, nimechunga mbuzi pale, na sina la kusema ila jua! Iliniuma. Nikaapa kwamba likizo hii nitaitembea Mukuyuni kama mtalii, niitazame kana kwamba sijawahi kuiona, nipige picha, nirudi niwanyamazishe. Kazungu akanipa kamera yake. "Kila kitu kimo," akasema. "Wewe ni kubonyeza tu."

Yashikeni hayo maneno.

Leo ilikuwa siku ya soko. Nikavaa kaptula, nikavaa kofia ya ukindu niliyonunua huko, nikaning'iniza kamera shingoni. Mama yangu aliponiona aliacha kupepeta ndengu, akaniuliza kama nimerudi shule ya msingi. Akanikumbusha kwamba Jumamosi wazee wetu wanapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende. Ntheo, kwa nyinyi msiojua, ni wale mbuzi wa kumfunga msichana: wakipokewa, ni mke wako, wakirudishwa, nawe unarudi nao. Nikamwambia mama watalii wote huvaa hivi. Akasema watalii wote hawaoi Jumamosi.

Ukweli usemwe, mwanzo ulikuwa mzuri. Nilisimama pale juu penye mwinuko nikaitazama milima ya Mbooni, nikaona kwamba ni ya bluu. Miaka yote hiyo sikujua ni ya bluu! Nilijua tu kwamba ni mirefu ukiwa na njaa. Nikapiga picha. Nikawapiga picha punda waliobeba maji. Nikapiga kinu cha posho na vumbi lake la unga. Kisha nikafika kwa Wayua, yule mama anayesuka vyondo, vikapu vyetu vya katani, chini ya kibanda chake cha mabati, nikashika kimoja na kumwuliza kwa Kiswahili kitu hiki kinaitwaje. Hakuinua hata macho kutoka kwa katani yake.

"Nzioka," akasema, "hicho ni kyondo. Ulilala ndani ya kimoja mama yako akilima."

(Hivi ndivyo watalii hujibiwa?)

Ilibaki picha moja niliyoitaka kuliko zote. Mnaijua: ile postikadi inayouzwa pale mapokezi, mwanamke amebeba kyondo mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Wageni huigombania. Nami natoka mahali ambapo wanawake hubeba hivyo kila siku na hakuna anayewatazama mara ya pili. Nikasema leo nitaipata bure.

Nikamwona. Alikuwa akitoka upande wa kinu, mama mrefu, kyondo kimejaa, hatua za polepole. Nikainua kamera na kumwita, "Jambo, mama!" kama wanavyosema wageni wetu. Akasimama. Akageuka, akavuta leso mpaka ikamfunika uso, akapita nyuma ya magunia ya mbaazi.

Nikadhani ni haya tu. Nikazunguka magunia kwa upande wa pili. Tukakutana. Akarudi alikotoka, nami nikarudi nyuma yake. Akaingia kwenye kinu, nikamngojea mlangoni. Kumbe kinu kina mlango wa nyuma! (Nimesagishia pale utoto wangu wote, na nimesahau.) Nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, na kaptula yangu. Akapenya katikati ya punda. Nami nikapenya katikati ya punda hao hao, nikimwomba asimame kidogo, ni picha tu, haiumi.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Soko zima lilikuwa limeacha kuuza. Mzee wa kanisa alikuwa pale na miwa yake. Fundi baiskeli alikuwa pale, tumesoma naye dawati moja. Wayua alikuwa pale. Wote wananijua mimi, na wote wanamjua yule mama. Kuna aliyefungua kinywa? Hakuna! Fundi alisogeza baiskeli ili nipite!

Yule mama akachoka. Akachuchumaa nyuma ya rundo la kamba za katani, akajifunika leso kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwomba kwa upole afungue uso kidogo.

Sauti ikatoka ndani ya leso. Haikunijibu mimi, ililiambia soko.

"Mwambieni huyo mwanamume kwamba Mwende ana mama mmoja tu. Asimmalize."

Jamani.

Kazungu, ngoja kidogo uwaeleze walio nyuma. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ni nthoni, ndiyo heshima yenyewe. Mkijikuta njia moja, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Hamsemezani, hamtazamani, na magoti yako mama mkwe hayaoni hata siku moja. Mama Mwende nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, kanisani, tena mgongo. Leo alijifunika ili anistahi. Kwa kuwa alijifunika, sikumjua. Kwa kuwa sikumjua, nilimkimbiza. Sasa niambieni kosa langu liko wapi hapo!

Halafu kidole changu, kwa hofu, kikabonyeza. Kacha! Hata mzee wa miwa aliisikia.

Nikajifunika uso kwa kofia kama inavyotakiwa, nikaondoka mbio bila kuona mbele, nikakanyaga nyanya za watu. Hapo ndipo vinywa vilipofunguka. Kila mtu sasa alikuwa na la kusema! Fundi baiskeli aliniambia alidhani huko Mombasa wakwe husalimiana hivyo. Wayua alicheka mpaka sindano ikamwanguka. Mzee wa kanisa alisema ataniombea, lakini alikuwa ameuma midomo.

Baba mdogo Kioko, ambaye ndiye msemaji wetu, ilibidi aende kwa kina Mwende leo hii hii kuomba msamaha. Nilimngojea nyuma ya ghala, nikiwa nimeshavaa suruali ndefu. Niseme kweli, niliogopa. Mwende nimemngoja tangu alipokuwa chuo cha ualimu. Nimemwandikia barua mpaka kule hotelini mkaniita mwenye posta. Kumpoteza kwa sababu ya postikadi! Nililia kidogo. (Kazungu, hapo paruke.)

Jua halijatua vizuri, baba mdogo akarudi. Akasema baba yake Mwende anataka mbuzi mwingine wa kuondoa aibu, na awe mnono. Hilo nililitegemea. Nikauliza mama mwenyewe amesemaje.

Baba mdogo akakohoa, akaangalia pembeni.

"Mama anasema picha yake ni moja tu, ile ya kipande cha kitambulisho, na pale anaonekana kama ameshikwa na polisi. Anasema leo ameshakimbizwa soko zima, kwa hivyo apewe picha yake. Ije Jumamosi pamoja na mbuzi. Isipokuja, mbuzi warudi."

Niliruka kwa furaha. Picha tu! Nikaingia ndani, nikajifunika blanketi kichwani mwanga usiingie, nikafungua kamera polepole ili nitoe filamu ipelekwe kuoshwa mjini. Nikapapasa. Nikapapasa tena. Nikatupa blanketi kando nikatazama kwa macho.

Hakuna filamu.

Milima ya bluu, punda, kinu, mama mkwe wangu amejikunja nyuma ya katani, vyote nilivibonyezea hewa! Nimetozwa mbuzi kwa ajili ya picha isiyokuwepo, na nitanyimwa mke kwa sababu picha hiyo haipo! Kazungu, "kila kitu kimo"? Kimo wapi? Ulikuwa unamaanisha kamba ya shingoni?

Barua hii inaondoka alfajiri na lori la maembe linalokuja huko. Sina njia nyingine. Mimi siwezi kumpiga picha yule mama, hata kwa mgongo. Lakini wewe si mkwe wa mtu hapa. Omba ruhusa kwa meneja, mwambie kuna msiba, maana upo. Njoo kabla ya Jumamosi na filamu ikiwa bado kwenye boksi lake, nilione boksi kwa macho yangu. Baba mdogo ameshakwenda kuwaambia kwamba mpiga picha wa kweli anatoka Mombasa, na kwamba safari hii hakuna mbio. Mama Mwende ameuliza kama avae leso ya kanisani.

Wengine nawaomba tu msicheke mbele ya wageni.

Na Kazungu, uje na suruali ndefu.