Keki ya Karoti Kwenye Nyutroni

Jumatatu, 4 Mei
Habari njema! Bosi wetu wa maabara, Dakta Zehnder, katangaza kwamba chumba chenye dirisha linalotazama Mto Aare atapewa mshindi wa mashindano ya keki za karoti Ijumaa. Miaka kumi na moja chumba changu hakina dirisha, natazama bomba la ukutani! Tatizo ni Annelies wa mashine ya eksirei. Kashinda mara nne mfululizo. Kanipigapiga begani: Ruedi kaka yangu, usijichoshe, nunua pazia ulitundike ukutani. Tutaonana!

Jumanne, 5 Mei
Annelies kaleta keki yake mapema, imo kwenye friji ya chumba cha kahawa. Keki ya karoti hunoga ikilala. Mke wangu Trudi anasema yangu haina kasoro, niache roho ya kwa nini. Lakini mle ndani lazima kuna siri! Kuikata siwezi. Kuipiga picha je? Mashine yangu ya nyutroni huona maji hata ndani ya chuma. Na kesho saa sita wageni wanaokuja kuitumia wote wanakwenda kula. Nina akili, jamani.

Jumatano, 6 Mei
Keki mashineni, dakika arobaini. Picha safi: karoti, lozi, karoti tena. Siri hamna. Kutoka nayo, kipima mionzi cha mlangoni kikapiga king'ora! Nimewafundisha wageni mamia kwamba kitu kikipigwa nyutroni huanza kutoa mionzi chenyewe, hakitoki mpaka kipoe. Nikasahau keki nayo ni kitu. Suter wa usalama kacheka mpaka miwani ikamvuka. Kasema ni chumvi iliyomo ndiyo imeamka, bwana, keki italala kabatini kwake mpaka Jumatatu. Fomu ikauliza sampuli ni ya nani. Nikaandika jina langu, R. Hächler. Ningeandika la nani?

Alhamisi, 7 Mei
Annelies akifungua friji, nimekwisha. Ikabidi keki yangu mwenyewe niiweke kwenye sahani yake iliyobaki, na vikaroti vya mapambo vya unga wa lozi juu kama vyake. Trudi kauliza mimi nitashindana na nini. Nimemwambia aniache, nafikiri.

Ijumaa, 8 Mei
Nimesema yangu imeungua. Nimepewa pole nyingi. Zehnder kaonja "ya Annelies", kafumba macho, kasema hajapata kula keki kama hii. Kura zote! Yangu hiyo! Nikapiga makofi. Annelies akatafuna polepole, akinitazama. Kasema hata yeye hajui mwaka huu kafanyaje.

Jumatatu, 11 Mei
Saa ya kahawa, watu wote wapo, Suter huyo na kitoroli. Keki. Kibandiko: IMEPOA. ISILIWE. MALI YA R. HÄCHLER. Annelies akakiona kikaroti chake kilichopinda. Akasema ndiyo maana! Kaka, ungeleta tu ya kwako, sasa hivi ungekuwa dirishani unatazama bata. Kisha akanipa mfuko. Pazia la maua, alilinunua Jumamosi.

Nimelitundika mbele ya bomba. Limependeza. Nimekaa, nimejichunguza kwa dhati, na kosa langu nimeliona: nyutroni. Eksirei haiamshi chumvi. Mashine yake anayo Annelies, kweli, lakini naye huenda kula saa sita.