Kompyuta Iliyotaka Faragha

Mtandao wa dunia nzima ulikatika Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri. Hayo ni kwa mujibu wa Mzee Abdulwahab wa Dunda, Bagamoyo. Dunia nzima yenyewe haikupata habari hizo, ikaendelea na shughuli zake.

Mzee Abdulwahab alikuwa karani mstaafu wa bohari, na ndiye mtu pekee mtaani kwake mwenye kompyuta ya nyumbani. Mwezi mmoja kabla ya kustaafu, kazini walimpeleka mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili. Cheti chake kilitundikwa sebuleni ndani ya fremu, juu kuliko picha ya harusi. Hata ukienda kumpa pole ya msiba, hutoki bila kukisoma.

"Kompyuta haitaki mtu mwoga," alizoea kusema. "Ukiionesha woga tu, inakupanda kichwani!"

Jumamosi hiyo ilikuwa na uzito wake. Binti yake Hajra alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Sumbawanga anakoishi na mumewe, Yunus, na akika ilikuwa siku hiyo. Ilikubaliwa kwamba jina la mtoto litatolewa na babu mzaa mama, yeye Mzee Abdulwahab, kwa picha ya moja kwa moja kutoka Bagamoyo. Mzee alilifanya jina hilo siri kubwa. Mtaa mzima ulilijua. Mtoto angeitwa Abdulwahab.

"Mimi nina mabinti watano, Mama Hajra," alimwambia mkewe, Bi Adila. "Jina langu halijapata wa kulibeba." Katika hilo hakuwa na mzaha hata chembe.

Yunus alimshauri watumie simu tu. Mzee akachukia.

"Mjukuu wangu nimtazame kwenye kioo cha ukubwa wa biskuti? Mimi?"

Akaalika majirani thelathini waje kumwona mtoto kwenye kioo kikubwa.

Tatizo lilikuwa limeanza Jumanne. Siku hiyo Mzee alikaa mbele ya kompyuta akagundua kwamba haijui saa. Adhuhuri imeadhiniwa, kila mwenye akili anajua ni saa sita na nusu, yenyewe inasema kumi na mbili na nusu.

"Kumi na mbili na nusu watu wanatoka kuswali magharibi!" akaikaripia.

Akazima kile kitufe kinachoiruhusu kujiwekea saa yenyewe, akaiwekea saa ya watu. Na kwa kuwa mkono ulishapata moto, akaitazama na tarehe. Mwaka haukumridhisha. Tuko mwaka 1447 wa Hijiria, hilo alilijua fika. Kompyuta ikaikataa kumi na nne, ikang'ang'ania ishirini. Mzee, mtu wa suluhu, akaiachia ishirini yake, akaandika 2047.

"Muhimu ni hiyo arobaini na saba," alisema, akaizima na kwenda kuswali. Ugonjwa uliingia hapo, na aliyeuingiza alikuwa na cheti.

Basi Jumamosi wageni wakafurika. Wanawake walikaa mkekani sebuleni, wanaume kwenye viti vya kukodi, na wengine walichungulia dirishani. Bi Adila alizungusha visheti na kahawa. Saa kumi na nusu kamili Mzee, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akabonyeza kiungo alichotumiwa na Yunus. Hakuwa amekijaribu mapema. Kujaribu ni kwa wasiojua.

Kioo kikawa cheupe. Katikati yakatokea maneno makubwa, kwa Kiswahili safi, kwani Mzee aliiwekea kompyuta yake Kiswahili ili wasielewane vibaya: *Muunganisho wako si wa faragha.* Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya herufi ndogo. Mzee hakuwa mtu wa herufi ndogo.

"Mtandao umekatika," akatangaza. "Dunia nzima."

"Dunia nzima?" akauliza jirani yake, Rajabu.

"Nzima! Lakini msijali. Nitaurudisha."

Akaizima kompyuta, akaiwasha. Maneno yakarudi. Akaiendea ruta, kile kisanduku cha mtandao, akakikuta kinawaka taa zote za kijani, hakina hata kikohozi. Akakizima hivyohivyo. Akakifuta kwa upindo wa kanga ya Bi Adila, akakipandisha juu ya kabati.

"Lazima kielekee kunakopigiwa," akasema. "Sumbawanga ni upande gani?"

Majirani wakajadiliana.

"Upande wa choo," akasema Rajabu.

Ruta ikaelekezwa chooni. Maneno yakarudi yaleyale.

Hapo simu ya Bi Adila ikaita.

"Baba Hajra, ni Yunus huyu! Wanatusubiri!"

"Usipokee!" Mzee akaipokonya, akaikata. "Hizi simu ndizo zinazonyonya mtandao! Nyie thelathini, kila mtu na simu yake mfukoni, kompyuta itabakiwa na nini? Zimeni zote!"

"Si ungempokea tu, umwambie hilo jina?" Bi Adila akamsihi.

"Jina la mjukuu wangu halitolewi kwenye simu kama taarifa ya kukatika maji."

Simu thelathini zikazimwa, ya Bi Adila ikawa ya thelathini na moja, na ya Mzee mwenyewe, kwa kuonesha mfano mwema, ikawa ya thelathini na mbili. Nyumba ikawa haipatikani. Mzee akabonyeza tena.

*Muunganisho wako si wa faragha.*

Safari hii aliyasoma kwa utulivu, neno baada ya neno, kama alivyokuwa akisoma hati za bohari. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe! Mbona inasema wazi? Si wa faragha! Kompyuta inataka faragha!"

Watu wakatazamana.

"Ni mambo ya kifamilia haya," Mzee akafafanua. "Mtoto mchanga, mzazi ana siku saba tu. Kompyuta imeona kadamnasi, imeona haya. Tokeni nje!"

"Kwani inataka kubadili nguo?" akauliza Rajabu.

"Nje!"

Wakatoka na vikombe vyao vya kahawa. Viti vikafuata, mkeka ukafuata, sahani ya visheti ikafuata bila kuambiwa. Akabaki Bi Adila.

"Hata mimi mkeo?"

"Wewe hasa. Una maneno mengi."

Mzee akafunga mlango, akashusha pazia, akazima taa. Akainama akaisemesha kompyuta kwa sauti ya chini, "Haya, tuko wawili tu." Akabonyeza.

Haikuridhika. Akaigeuzia picha ya harusi ukutani, kwa kuwa ina watu wengi. Haikuridhika. Nje alisikika Rajabu akimuuliza Bi Adila kama bwana huwa anachukua muda mrefu hivi, na wanawake wakacheka kicheko ambacho Mzee aliamua hakukisikia. Kwa mara ya kwanza tangu wiki zile mbili za mafunzo, Mzee Abdulwahab aliingiwa na hofu. Mtoto yuko upande wa pili, jina liko mdomoni mwake, na katikati kuna maneno matano tu.

Saa kumi na moja na robo akafika Mina, mwenye duka la steshenari, aliyechelewa kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwachapia barua. Alikuta mtaa mzima uwanjani na nyumba imefungwa, akadhani kuna msiba. Akabisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usiingie, kuna faragha."

"Ya nani?"

Mzee akamwonesha. Mina akasogea karibu, akasoma mistari ile mitatu ya herufi ndogo, kisha akatazama pembe ya kioo.

"Baba, huku inasema huenda saa na tarehe si sahihi. Na hapa pameandikwa elfu mbili arobaini na saba."

"Ya Hijiria hiyo."

Mina akaitazama tarehe mara ya pili, kwa heshima.

"Kila tovuti ina cheti chake, baba, na kila cheti kina mwisho. Kwa mwaka huu uliouweka, vyote vimeshakwisha muda. Ndiyo maana kompyuta haiiamini hata moja."

Mzee akatupa jicho ukutani. Chake kilikuwepo.

Mina akabonyeza mara tatu. Saa ikarudi ya Kizungu, mwaka ukarudi wa leo, na kioo kikafunguka kama vile hakijawahi kugoma. Watu wakaitwa ndani kwa vigelegele. Pale katikati ya kioo, wakubwa na wazi kabisa, walikuwepo Hajra na Yunus, na mikononi mwa Hajra kichanga kimenyolewa, kinapiga miayo. Bi Adila akalia palepale. Mzee naye macho yalimjaa, akajifanya anafuta miwani.

"Shikamoo baba," akasema Yunus.

"Marahaba mwanangu! Mtandao wa dunia nzima ulikatika, lakini nimeurudisha." Mina akatazama sakafu. Mzee akasimama, akakohoa, akainua mkono. "Bismillah. Ndugu zangu, leo mimi, babu wa mtoto huyu..."

"Baba..."

"Usinikatize. Natoa jina!"

"Baba, jina limeshatoka," akasema Yunus, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo. "Tulimpigia mama, ikakatwa. Tukapiga tena, haipatikani. Yako haipatikani. Majirani wote, hakuna anayepatikana. Sheikhe alikuwa anasubiriwa mazikoni. Ikabidi tumpigie baba yangu, Mzee Majaliwa, kule Lugoba. Alipokea mlio wa kwanza."

Wa dirishani wakaingiza vichwa ndani.

"Akasemaje?" akauliza Mzee, kwa sauti ambayo haikufika hata dirishani.

"Kwanza aliuliza, mkwe wangu Abdulwahab yuko wapi, hii ni haki yake. Tukamwambia hapatikani kabisa. Basi akasema, kama ni hivyo, mtoto aitwe Majaliwa."

"Mashaallah," wakasema majirani thelathini, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Picha ilikuwa safi mno. Mzee Abdulwahab alimwona Majaliwa mdogo mpaka kope.

Bi Adila, asijue la kumfanyia, akamwashia simu yake na kumpa, angalau apate cha kushika. Ikatoa mlio papo hapo. Miwani ilikuwa imelowa, kwa hiyo Mzee akamrudishia amsomee. Bi Adila akasoma, na kwa mazoea ya miaka mingi akasoma kwa sauti.

"'Mkwe, hongera kwa mjukuu. Nimesikia huna simu inayofanya kazi, nimesikitika sana. Ninacho kisimu cha kitochi cha akiba, kinakaa na chaji siku nne. Nitakituma kwa basi kesho. Wako, Majaliwa.'"

Hakuna aliyecheka. Rajabu, kwa nia njema kabisa, akauliza basi la kutoka Lugoba huwa linafika saa ngapi.