Mapigo Matatu kwa Mpira Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kamwalika tena mwanyumba kwenye gofu ya Jumamosi. Mimi nikaambiwa nimpishe kiti. Haya! Yeye daktari wa meno, kamwoa shemeji yangu. Mimi fundi vioo, nimeoa binti mkubwa, na tangu tuoane mzee hajaniita hata twende dukani. Inauma, acha niseme ukweli. Nikatangaza mbele ya wote pale kwake kwamba gofu naicheza toka zamani. Mzee akasema basi nije Jumamosi. Fimbo ya gofu sijawahi kuigusa.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kwenye simu. Kumbe kupiga kuna mitindo! Mwalimu wa kwanza anazungusha mwili mzima, mikono inafuata tu. Wa pili anataka mwili utulie, mikono ndiyo ipige. Wa tatu anainua fimbo nusu, anagonga kwa adabu. Kila mmoja anaapa wenzake wanapotosha watu. Nitaichanganya yote. Mke wangu akanikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia mimi nimeshika tatu, kwa hiyo zitabaki mbili. Akarudi kuosha vyombo. Hesabu imemshinda.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi karakanani, kwa mpini wa fagio na kitunguu. Mtindo wa kwanza: kitunguu salama, kiuno kikalia ka! Wa pili: kitunguu kikaruka vizuri ajabu, kikavunja kioo cha mteja. Mwenyewe yuko mlangoni, kaja kukichukua. Nikasema ni upepo. Akauliza upepo gani unanuka kitunguu. Watu wengine wana maswali!

Jumamosi, 9 Machi
Uwanjani. Mwanyumba kavaa glovu nyeupe, ananionea huruma. Nimemchukia zaidi. Zamu yangu ikafika. Mwili nikauzungusha, kisha nikautuliza, katikati ya safari nikakumbuka ile nusu. Mpira ukabaki palepale. Mimi chini, puu!

Mwanyumba alicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Alinipa mkono, akanifuta nyasi mgongoni, akauliza kama nimeumia. Nilitamani ardhi ipasuke. Akamwambia mwanyumba atangulie, sisi tukafuata polepole kwa miguu. Akanihadithia goti lake, mke wangu alivyoanza kutembea, na kwamba tangu mama mkwe atutoke nyumba imekuwa kimya mno. Nikawa naitikia eeh, eeh, macho kwenye kiuno cha mwanyumba. Kumbe anatumia mtindo wa pili!

Jumapili, 10 Machi
Mzee kapiga simu mwenyewe. Anataka niende kila Jumamosi, tutembee tu na kuongea, fimbo niache nyumbani. Mke wangu akalia kwa furaha. Masikini, hajaelewa. Mzee kaona kipaji, kaogopa, sasa anamlinda mwanyumba! Nikamwomba mzee anisubiri mwezi mmoja, niive kwanza. Akasema sawa. Kuna mtindo wa nne, wa mkono wa kushoto. Mke wangu hasemi nami tangu mchana. Wivu tu.