Besi la Baba na Kimya cha Sekunde Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Dada kaamua. Mama anahamia kwetu Jumapili, na kitanda chake kinataka kona ile ile linaposimama besi la marehemu baba, lile zeze kubwa refu kama mtu. Lipelekwe shule ya muziki! Jamani! Baba alilipiga besi hilo kwenye bendi ya dansi, mimi mdogo nikilala nyuma ya jukwaa juu ya koti lake, mgurumo ukinibembeleza. Nikamwambia dada nina onyesho Jumamosi. Uongo mtupu. Akasema haya, nikilipiga kweli mbele ya watu, litabaki.

Jumanne, 4 Machi
Nimembembeleza anipe nafasi Mwalimu wa Piano, mwenye onyesho la kweli Jumamosi, anayejiona muziki kauzaa yeye. Kanipa utunzi mpya wa besi peke yake. Mimi najua dansi tatu tu za baba! Lakini utunzi huu hauna hata wimbo, ni maagizo tu. Kwaruza nyuzi kwa uta. Piga ubavu wa besi kwa kiganja. Nyamaza sekunde thelathini. Nimecheka mbavu sina. Nikikosea nani atajua? Mazoezi ya nini sasa!

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi sifuri. Nimefuta vumbi tu. Tundu la besi bado linanuka mafuta ya nywele ya baba. Nimeinama nikinusa mpaka chai ikapoa. Nimemkumbuka mno.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Mama kaletwa mapema, yuko mstari wa mbele. Nikakwaruza, nikagonga, jasho chapachapa. Kikaja kile kimya. Sekunde thelathini ni nyingi, nyie! Kwenye ya kumi mkono wangu ukaanza wenyewe dansi ya baba. Mwalimu akanitolea macho. Nikakosea. Mama akaangua kicheko, akasema, ukumbi mzima ukisikia, kwamba hata baba yangu alikuwa akikosea mahali pale pale, kila siku. Nikalia huku napiga. Mwalimu anasema nimemharibia utunzi. Dada, macho mekundu, anasema besi halitoki.

Jumapili, 9 Machi
Kitanda cha Mama kimewekwa mahali pa changu. Mimi nitalala sakafuni, miguuni pa besi, juu ya koti la baba. Raha iliyoje! Na nimeshamtumia Mwalimu salamu: mwezi ujao natunga utunzi wa kwangu, saa nzima, dakika hamsini kimya. Mazoezi hauhitaji.