Ofisa Malalamiko na Mguu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Daktari Mkuu katutangazia leo: Jumamosi anachagua msimamizi wa huduma kwa wagonjwa, hospitali nzima. Chumba chenye dirisha. Kiti kinachozunguka. Tunaowania ni wawili: mimi, ofisa malalamiko, na muuguzi mkuu, ninayemwita Pasi kwa sababu sare yake haijawahi kuwa na mkunjo. Daktari Mkuu anataka manung'uniko yapungue.

Nikawaza mchana kutwa. Nikapata. Meza yangu nimeihamishia ghorofa ya nne. Lifti ilikufa zamani. Mwenye kuweza kupanda ngazi zile si mgonjwa. Asiyeweza hana lalamiko, maana hajanifikia. Nilipomweleza mke wangu alizima taa, akalala. Nadhani akili yangu ilimzidi.

Jumanne, 5 Machi

Kimya kitamu. Hakuja mtu hadi saa sita, akatokea baba mmoja mnene, anahema, kashika ukuta. Mtoto wake anaumwa sikio, wamempa dawa ya macho. Haya niliyaokota kwa shida katikati ya mihemo. Nikamkalisha, nikampa maji. Pumzi iliporudi, akaanza kuzilalamikia ngazi. Nikamweleza kwa upole kwamba ngazi si huduma ya afya, aende kwa mafundi wa majengo, chini kabisa, nyuma ya chumba cha kufulia. Akashuka. Dawa ya macho hakuitaja tena.

Pasi yuko wodini siku nzima anaongea na wagonjwa. Anawachokoza tu. Mtu ukimuuliza ana shida gani, atakosaje?

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Mama mkwe kateleza bafuni, muundi ukachanika. Wameushona, wamemlaza wodi ya wanawake. Mke wangu kaniagiza nimtazame mama yake kama mboni ya jicho.

Nikaenda, nikamwamkia kwa adabu zote, kisha nikamnong'oneza kwamba hapa anayepokea malalamiko ni mkwewe mwenyewe, kwa hiyo ingependeza asiwe nayo. Akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Nikaaga. Mkwe hajibizwi.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe anasema bandeji haijabadilishwa tangu alipolazwa, na mguu unawaka moto. Kawaambia wauguzi wa asubuhi, wakasema wa usiku wameshaibadilisha. Kawaambia wa usiku, wakasema hiyo ni kazi ya asubuhi.

Nikaona hatari. Lalamiko ndani ya familia, na uamuzi ni kesho! Nikamwambia kidonda huwasha kinapopona. Nikamletea supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Akainywa yote, akasema haina chumvi, akarudi kwenye mguu. Nikamsihi avumilie hadi kesho jioni. Nikishateuliwa nitawapanga wauguzi wote mstari mmoja mbele yake, achague wa kumgombeza. Akanitazama kama alivyonitazama siku niliyokwenda kuposa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefika na supu, safari hii yenye chumvi, nikakuta pazia la kitanda chake limevutwa. Mama mkwe ana homa. Kaamka anatetemeka, kamwita Pasi.

Nikasimama nje ya pazia, upenyoni naona mgongo wa Pasi tu. Pasi hakubishana wala hakumtetea mtu. Aliketi kitandani, akafungua bandeji kwa mikono yake mwenyewe. Harufu ilinifikia nilipo. Usaha. Akamwita daktari, wakasafisha, wakampa sindano. Kisha akamwambia mama mkwe wazi kwamba wamemkosea, akamwomba radhi, akawaita wauguzi wa zamu zote mbili pale pale. Kumbe kila upande uliamini upande wa pili umeshafanya. Kuanzia leo anayetoka zamu anapita kitanda kwa kitanda na anayeingia, wanaonyeshana vidonda. Imechukua muda wa kunywa chai.

Halafu mama mkwe akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mbona jana nilimwambia mkwe wangu?"

Pasi akauliza mkwe gani. Pazia likafunguliwa. Nilikuwa nimekumbatia chupa ya supu.

Daktari Mkuu aliponiita ofisini hakufoka. Aliniuliza tu ule mguu ungekuwaje kama mama angesubiri hadi jioni. Nikaanza kueleza kuhusu ngazi. Akaniomba ninyamaze. Dirisha na kiti kapata Pasi. Mimi nirudishe meza chini, mlangoni, na nikaombe radhi kwa mama mkwe.

Mke wangu hasemi nami. Kamwambia sufuria kwamba mama yake angekufa. Jikoni, wa kusikia tulikuwa sufuria na mimi tu.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda. Maneno niliyoyafanyia mazoezi kwenye kioo yote yakayeyuka. Mama mkwe akanisikiliza nikigugumiza, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, sikutaka supu. Nilitaka uutazame mguu."

Nikautazama. Ilikuwa mara ya kwanza. Umevimba, mwekundu, nyuzi zimekaza ngozi. Mguu wa mtu aliyemlea mke wangu. Machozi yakanitoka bila kupanga. Mama mkwe akanipa ncha ya shuka nijifute. Wa kitanda cha jirani wakaanza kufuta kamasi. Bibi mmoja akanipa chungwa, akasema mimi ni mtu wa watu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Sikujua kuomba radhi ni kutamu hivi. Na wote walionisikia, hakuna aliyelalamika.

Hakuna aliyelalamika.

Jumanne, 12 Machi

Sijalala kwa furaha. Kwa nini mgonjwa asubiri kukosewa ndipo aombwe radhi? Kuanzia leo naomba radhi mapema.

Nimeanza wodi ya wanaume. Mzee wa kitanda cha kwanza, mwenye kikohozi, nikamwambia tunasikitika sana kwa yatakayotokea. Akaniuliza ni yapi. Nikamwambia bado hatujui. Akawapigia simu wanawe wote, hata yule waliyekosana.

Kisha kijana wa kupasuliwa ngiri kesho. Nikamshika mkono, nikamtazama machoni, nikamwambia hospitali nzima inamwomba msamaha na ajue tulijitahidi. Chozi likanidondoka juu ya shuka lake, la kweli kabisa.

Alishuka kitandani, akavaa viatu, akatoka na gauni la hospitali limeachia mgongoni, mama yake nyuma na beseni. Pasi alimkimbilia hadi getini, hakumpata.

Hakulalamika hata neno moja. Nimemhesabu kwa walioridhika.