Hatua Elfu Kumi na Moja za Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amekumbuka! Mwaka mzima nimeomba asahau, leo katikati ya chai amekumbuka.

Niandike yote, ili siku moja watu wajue nilivyoponzwa na mdomo wangu. Mwaka jana alipasuliwa mgongo, akalala hospitalini wiki saba. Mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Siku moja akasema akisimama tena atakwenda kwa mama yake kwa miguu. Kilometa arobaini na nane! Mama mkwe ni mzee, hawezi kusafiri, na kila tukimwambia kwenye simu kwamba binti yake anaendelea vizuri anadhani tunamficha. Basi amwone mwenyewe akija barabarani kwa miguu yake. Nikasema tutakwenda wote. Nikaapa kabisa. Wakati huo alikuwa hawezi kusogeza hata kidole gumba cha mguu. Ningeapa hata kuruka angani.

Sasa anavisogeza vyote kumi. Nashukuru, tena sana. Anakwenda kazini maktaba kwa miguu na kurudi, na daktari amemruhusu, mradi aende polepole. Lakini mimi? Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye cherehani. Kutoka kitandani hadi hapo ni hatua kumi na nne, na kwenye ya tisa huwa naegemea mlango wa jikoni.

Tunaondoka tarehe 17. Siku nne, kilometa kumi na mbili kila siku. Kashapanga na kuandika kwenye karatasi.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kapata habari. Huyu ni kaka yake mke wangu, mwalimu mstaafu wa michezo. Mtaa mzima unamwita Filimbi kwa sababu bado anaivaa shingoni, miaka mitatu tangu astaafu. Kaja na baiskeli yake, kanitazama kutoka juu kwenda chini, macho yakatua tumboni yakakaa hapo. Kisha kwa upole (upole wake ndio unaoudhi) akasema nisijisumbue, yeye ndiye atakayemsindikiza dada yake.

 Mke wangu alinitazama tu. Nikajikuta nimejibu kwamba mazoezi nimeshaanza. Filimbi akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana.

Akatoa mfukoni saa ya kuhesabu hatua, akampa dada yake anifunge. Kila jioni aisome na kuandika daftarini. Nikifikisha hatua elfu kumi kwa siku, kuanzia keshokutwa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, nakwenda mimi. Nisipofikisha, anakwenda yeye.

Yaani nikae wiki saba kwenye kiti cha plastiki, halafu Filimbi ndiye aingie na mke wangu nyumbani kwa mama mkwe? Haiwezekani!

Jumatano, 5 Machi

Nimetembea. Kweli kabisa, Mungu ni shahidi yangu. Hadi dukani kwa muuza vifungo na kurudi, tena kwa njia ya mzunguko. Hatua elfu mbili mia tatu na kumi. Ubavu unachoma. Njiani nimepitwa na bibi mmoja mwenye mkongojo, akaniuliza kama nimepotea.

Alhamisi, 6 Machi

Akili yangu inanitisha.

Nina sare thelathini na mbili za shule za kushona. Cherehani yangu ni ya miguu. Asubuhi nilikuwa nakanyaga, nakanyaga, nikatazama mguu unavyopanda na kushuka. Nikasimamisha kazi. Nikaivua saa mkononi, nikaifunga kwenye kifundo cha mguu. Nikaendelea kukanyaga. Saa ikaanza kuhesabu! Hadi adhuhuri hatua elfu tano. Jioni elfu kumi na moja mia mbili na arobaini, bila makalio kuachana na kiti.

Mke wangu karudi, kaisoma. Kaisoma tena. Kapitisha kidole kwenye mkanda, kakitazama kidole, kisha kanipa hongera. Nikamwambia si kitu, ni kujituma tu.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Siku nane mfululizo, hatua elfu kumi na moja kila siku, sare zote zimekwisha. Filimbi kaja kukagua. Kasoma daftari la mke wangu mstari kwa mstari. Kanipa mkono. Nimeubana kwa nguvu.

Halafu mke wangu akaleta jambo jipya. Akasema kwa miguu kama hii yangu, siku nne ni kunidharau. Tutakwenda kwa siku tatu. Kilometa kumi na sita kila siku!  Akanikazia macho, akaniuliza kama nina lolote la kusema. Nikasema sina.

Jumatatu, 17 Machi

Ninaandika nikiwa kitandani katika nyumba ya wageni, miguu ndani ya beseni. Nianze na mpango, kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa mzuri.

Dereva wa gari la mkate ni mteja wangu. Nilikuwa nimemwomba leo asubuhi apite darajani kwenye kilometa ya saba, ashangae kutuona, atusihi tupande. Kushangaa na kusihi tu, basi. Amefika, kafunga breki, kanitolea kichwa dirishani na kusema kwa sauti ya mnadani kwamba amekuja kama tulivyokubaliana.

Mke wangu akamshukuru kwa adabu zote. Akasema sisi tunatembea, ila kwa kuwa anapita karibu na kwa mama, atusaidie mzigo. Akanivua begi mgongoni, akalitupia ndani. Ndani ya begi hilo mlikuwa na ndala zangu, soksi za akiba, plasta, biskuti na mto wa kukalia. Gari likaondoka. Nikalipungia mkono mpaka likapotea.

Nimebaki na viatu vipya vinavyobana. Kwenye kilometa ya kumi na moja miguu imegoma, nikakaa kwenye majani nje ya ukuta wa kiwanda. Nikasema ni jiwe kiatuni. Baadaye nikasema ni jua. Mke wangu akakaa karibu yangu, akamenya chungwa, akanipa nusu iliyo kubwa. Akasema leo inatosha.

Kisha Filimbi akapiga simu kuuliza tumefika wapi. Nikasikia mke wangu anamtajia. Filimbi akakata simu. Kesho anakuja.

Jumanne, 18 Machi

Kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, Filimbi huyo mlangoni na baiskeli. Akasema nimejitahidi, sasa nipumzike, nipande gari niwasubiri kwa mama. Nikakataa. Akainua mabega, akaanza kutembea na dada yake huku akiisukuma baiskeli na kupuliza filimbi. Pii kwa mguu wa kulia, pii kwa wa kushoto. Wakaenda. Mimi nyuma, nachechemea. Wakawa wadogo, wadogo zaidi, wakapinda kona.

Sitaki kudanganya katika daftari langu mwenyewe. Nilisimama pale barabarani nikaona aibu. Nikawaza kwamba kama ni kufika, bora mke wangu afike, hata kama si na mimi. Mwaka jana nilimwomba Mungu asimame tu. Leo ananiacha nyuma kwa kasi, na mimi nanuna! Nikapiga moyo konde, nikaendelea.

Nilipopinda kona nikamkuta mke wangu ameketi kwenye ukingo wa kalavati, mkono mgongoni, uso umesawijika. Filimbi amesimama tu, filimbi imemwangukia kifuani.

Nilikimbia. Naandika tena: nilikimbia! Mara ya mwisho nilikuwa shule ya msingi, nafukuzwa na nyuki. Nikapiga magoti, nikamkanda mgongo pale pale nesi aliponionyesha, polepole, kwa kiganja. Akaniambia si vibaya sana, mgongo umekaza tu. Alishindwa kumwambia kaka yake apunguze mwendo kwa sababu alikuwa na furaha mno. Filimbi kusikia hivyo akageuka pembeni, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Sikufurahi hata kidogo. Kidogo sana.

Akamwambia kaka yake atangulie na baiskeli, akatutafutie mahali pa kulala. Yeye atakuja na mume wake.

Tulipobaki wawili nikamsikia anacheka. Akasema saa ya kuhesabu hatua haijipaki mafuta ya cherehani yenyewe. Alijua tangu siku ya kwanza! Aliifupisha safari iwe ya siku tatu ili nikiri, na nilipogoma kukiri ndipo akajua kwamba kweli nataka kwenda. Nikamuuliza kwa nini basi hakumchukua Filimbi. Akasema Filimbi anajua kukimbia, lakini yeye hakutaka mtu wa kukimbia. Hospitalini watu walikuja, wakampa moyo, wakaondoka. Mimi nilikaa. Hajapata kuona mtu anayejua kukaa kama mimi. Tena nikiwa kando yake, akasema, anajiona ana mbio.

Nimelia pale kwenye kalavati, magari yakipita. Sijali. Tumetembea kilometa sita tu leo, na zote tumeshikana mikono.

Ijumaa, 21 Machi

Tumefika! Siku tano badala ya tatu. Jumatano na Alhamisi siandiki, ni malengelenge matupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi, kwa kuwa Filimbi alishampa habari. Alipotuona alisimama, akashika mwimo wa mlango.  Akamsubiri binti yake afike mpaka miguuni pake. Kisha akainama kwa taabu, akamshika vifundo, akapandisha mikono hadi magotini, akapandisha hadi mgongoni, kama mimi ninavyokagua mshono. Hapo ndipo akamkumbatia, akalia kwa sauti, akisema kweli, kweli, kweli, hawakunidanganya.

Kisha akanitazama mimi, nimeegemea uzio, kiatu kimoja mkononi. Akamuuliza binti yake kwa wasiwasi: mbona hawakumwambia kwamba mgonjwa ni mkwe wake?

Begi langu lilikuwa limefika tangu Jumatatu. Biskuti zimeliwa. Filimbi ndiye aliyenivalisha ndala. Nashukuru kwa ndala. Nashukuru kwa Filimbi. Namshukuru Mungu kwa vidole kumi vya mke wangu, kimoja kimoja.

Jumatatu, 31 Machi

Tulirudi nyumbani kwa basi wiki iliyopita. Wateja wanauliza habari za safari, nawasimulia. Asubuhi zilikuwa kilometa arobaini na nane. Alasiri zimefika sitini, na kuna mlima.

Wakati wa chakula mke wangu akasema mwakani tutakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nikamwambia safari hii mazoezi nitayafanya kwa dhati, bila ujanja, mchana kweupe. Safari imenifunza mengi.

Nimeanza leo leo. Hatua elfu tisa mia nane, na bado kuna mapazia mawili ya kushona. Mkanda wa saa nimeufuta mafuta vizuri, nikaupaka na vumbi kidogo la barabarani. Mke wangu kaniletea chai sasa hivi. Kaiweka mbali kidogo na mguu wangu, ili nisiipige teke nikikanyaga. Sidhani kama ameona kitu.